Baba Yako Amesema Kaa

Tarehe 9 Machi

Mpendwa mwanangu Gando,

Natumaini barua hii itakukuta na afya, na kwamba kile kikohozi chako cha kufanya kazi kwenye vyumba vya baridi kimekuacha. Mimi sijambo, ila goti. Cherehani imerudi kutoka kwa fundi na sasa inashona bila kupiga kelele, hata nimeikosa ile kelele. Paka wa jirani amezaa ndani ya kapu langu la vitambaa, akachagua kitambaa cha sare za shule. Nimemwacha. Mwenye sare atanisubiri.

Naandika kwa sababu simu yako haipokelewi. Najua kazi ya friji haina saa. Basi barua itakungoja mezani mpaka unawe mikono.

Tulimzika baba yako vizuri. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, maana marehemu kaka yangu hakuwa mtu wa kutembelea watu. Wavuvi walikuja, watu wa Kituo walikuja, na yule mzamiaji aliyefanya naye kazi alilia kama mtoto mpaka ikabidi nimfariji mimi. Walipouliza, "Kijana wake yuko wapi?" nikawaambia ukweli kama ulivyo: baba yake mwenyewe alimwambia akae. Mtu hawezi kubishana na neno la mgonjwa.

Wenzako wa kazini walituma kadi nzuri ya rambirambi. Imeandikwa kwa herufi za dhahabu, "Kwa familia ya Marehemu Daktari, Mkuu wa Kituo cha Utafiti wa Bahari." Nilicheka kidogo peke yangu. Nadhani wamekosea nyumba. Nimeiweka juu ya kabati, mwenyewe akitokea tumpe.

Sasa nije kwenye jambo langu. Ni lile tangi la kioo la chumba cha nyuma. Kituo walichukua vyombo vyao vyote, lakini hili alilinunua mwenyewe, na tumbawe lililomo alilitoa kwenye kipande kilichovunjwa na nanga, kikubwa kama kidole gumba changu. Sasa limekuwa kama kabichi yenye matawi, rangi ya waridi. Nalibadilishia maji kama nilivyomwona akifanya, napima chumvi kwa kile kipimo cha kioo, na pampu inakoroma usiku kucha kama alivyokoroma yeye. Sikulala vizuri siku ilipozimika.

Ila ndani ya matawi kuna wadudu. Ni wawili, wekundu, laini, wadogo kama vifungo vya shati. Wana magando. Wamejibana katikati kabisa na hawatoki. Kila nikichungulia wananionyesha magando, kana kwamba mimi ndiye mgeni. Naona wanapitisha miguu juu ya tumbawe na kujilisha, kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Je, niwatoe? Wewe ulikulia chumba kile, miguuni mwa baba yako, ndiyo maana akakuita Gando, kwa jinsi ulivyong'ang'ania suruali yake. Unajua. Nijibu hilo tu, hata kama huna nafasi ya mengine.

Nimekuwekea shati lake la kazi. Bado lina chumvi kwenye ukosi.

Shangazi yako


Tarehe 2 Aprili

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeisha. Barua yako niliipata, asante. Nisamehe kwa simu. Tumepewa kazi kubwa ya kufunga mitambo ya baridi kwenye ghala la nyama, tunaingia alfajiri na kutoka tumechoka.

Mchumba wangu anakusalimu sana. Yeye na wazazi wake walisikitika mno kwa msiba. Mama yake alikuja kunipa pole ofisini mbele ya watu wote.

Nashukuru kwa yote uliyofanya kwenye mazishi. Kama ulivyosema, nilitii neno la Baba.

Kuhusu ile kadi, usijisumbue. Itupe tu.

Pole na goti. Usibebe ndoo za maji ya bahari peke yako, tafuta mtu.

Mwanao


Tarehe 20 Aprili

Mpendwa mwanangu Gando,

Nimefurahi kikohozi kimekwisha. Mimi goti ni lilelile, tumezoeana. Watoto wa paka wamefumbua macho. Nimeshona sare nyingine.

Msalimie mchumba wako na mama yake. Mwambie kwamba siku akija kwetu nitampima gauni bila utepe, kwa macho tu, ndivyo baba yako alivyokuwa akinisifia kwa watu. "Dada yangu ana macho ya fundi," alikuwa akisema, "lakini ndani ya tangi haoni kitu." Nilikuwa nikikasirika. Kumbe alisema kweli, kama utakavyosikia.

Barua yako niliisoma mbele na nyuma nikitafuta jibu la wale wadudu. Halikuwemo. Nikajiambia, huyu ana shughuli nyingi, na kama wangekuwa na maana angesema. Nikaamua mwenyewe.

Nilichukua kibano cha cherehani nikakizungushia kitambaa ili nisiwaumize. Yule mkubwa nilimpata baada ya kuhangaika nusu ya asubuhi. Mwenzake alishika tawi kwa miguu yote, na gando amelielekeza kwangu. Nilimwambia, "Samahani bwana, hii ni nyumba ya watu." Nikamsukuma taratibu kwa sindano ya kufumia mpaka akaachia. Sikuwaua, Gando. Niliwatia kwenye kopo la siagi lenye maji yao, nikatembea mpaka kwenye ngazi za nyuma ya soko la samaki, nikawamwaga pale penye mawe. Nikawaambia, "Haya, nendeni kwenu." Nikarudi nyumbani moyo mweupe, kama mtu aliyefagia uwanja.

Sasa tumbawe limeanza kubadilika. Vumbi la mchanga linakaa kwenye matawi na haliondoki. Chini, karibu na jiwe, pamekuwa peupe, peupe pa mfupa. Na wametokea konokono wadogo, sijui walikuwa wamejificha wapi siku zote, wanapanda kutoka chini. Wanapopita panabaki peupe.

Nimekosea wapi? Nimezidisha chumvi? Niandikie upesi, mwanangu. Ni kitu cha mwisho alichokishika.

Shangazi yako


Tarehe 14 Mei

Mpendwa mwanangu,

Natumaini wewe na wa kwenu hamjambo. Sikupata jibu, nami sikulaumu, maana leo anayestahili kulaumiwa ndiye anayeshika kalamu. Habari za paka na goti nitaziacha.

Nilipoona weupe unapanda, nilimwita yule mzamiaji rafiki wa baba yako. Unamkumbuka, yule anayeongea kama yuko chini ya maji, anabana pumzi, maneno mawili kisha kimya. Alikuja jana baada ya kazi, nywele bado mbichi. Akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akainama, akachungulia matawi, akauliza:

"Kaa wapi?"

Nikamwambia, "Popote, kaka, vuta hicho kigoda."

Akanitazama. Akavuta kigoda, akakaa. Akachungulia tena.

"Kaa wapi, dada?"

"Jamani, si umeshakaa? Unataka kiti cha sebuleni?"

"Nauliza kaa!" akasema, akanyanyua mikono yote miwili na kufumba na kufumbua vidole vyake mbele ya uso wangu. "Kaa! Wenye magando! Walikuwa wawili humu!"

Basi nilicheka. Sikuwa nimecheka hivyo tangu msiba, nilishika ukingo wa meza nisianguke, naye akaanza kucheka, wazee wawili tunacheka mbele ya tangi. Kisha nikalisikia tena lile neno, kaa, nikaacha kucheka.

Gando, nilikuwa nimekaa kitandani pa baba yako hospitali alipolisema neno lile. Pumzi ilikuwa imekwisha, alikuwa anachota neno moja moja kama mtu anayechota maji kisimani kwa kijiko. Akasema, "Mwambie Gando." Nikamsogelea. Akasema, "Kaa." Nikasema, "Akae huko huko, asisumbuke?" Akafumba macho. Nikadhani ameitikia. Nikatoka ukumbini nikakupigia: baba yako amesema kaa.

Hakuwa akikwambia ukae. Alikuwa akikuachia kaa wake, aliojua mimi siwezi kuwaona kwa macho yangu ya fundi. Na mimi nilifanya nini? Nilikuzuia mtoto wa pekee usimzike baba yako, kisha nikawachukua hao kaa wenyewe kwa kibano nikawatupa sokoni. Mzamiaji aliniambia kwa upole kwamba kaa wale hawajui kuishi nje ya matawi. Samaki huwala kabla hawajapata pa kujificha. Nami niliwaambia nendeni kwenu. Kwao kulikuwa ni pale.

Natembea barabarani nikiwa nimeinamisha uso. Wale wote niliowaambia kwenye mazishi kwamba ulikatazwa na baba yako, ninaonana nao dukani, nashindwa kuwasalimu kwanza. Naogopa kuurudia ule uongo ambao sikujua ni uongo.

Nakuomba radhi. Sijui mtu anaombaje radhi kwa jambo ambalo haliwezi kufanywa tena. Jeneza halifunguliwi ili aliyechelewa apite. Niandikie hata neno moja, hata la hasira. La hasira lingenifaa zaidi.

Shangazi yako


Tarehe 30 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Fungu la kwanza kila mara lilikuwa linakuja kusema usijilaumu, na kila mara nikalichana, maana lilikuwa linasikika kama mtu mwema anayemsamehe mwingine. Naomba kwanza nikueleze habari za kaa. Zifuate hizo kwanza, leo leo kama barua imefika mapema.

Konokono watoe kwa kibano chako, wote, tazama hata chini ya jiwe. Kibano ni cha konokono, siyo cha kaa. Vumbi lipulize kwa lile bomba la mpira lenye kichwa cha duara, liko kwenye droo ya chini, usiguse matawi kwa kidole. Kisha mwombe mzamiaji akuletee kaa wawili wa aina ileile, dume na jike, kutoka kwenye tumbawe la aina ileile lililovunjika, asivunje lililo zima. Wawili tu. Ukitia wa tatu watapigana mpaka mmoja afe, kwa sababu tumbawe moja ni nyumba ya watu wawili. Zima taa ya tangi kabla ya kuwatia. Waweke karibu na shina, kisha ondoka chumbani. Baba alikuwa akisema, "Usimkodolee macho mgeni anapotafuta pa kulala."

Siyo kupe, Shangazi. Tumbawe lenyewe huwapikia. Lina mafuta kwenye ncha za nyama yake, ndiyo wanayoyachana kwa miguu ukadhani wananyonya. Nao hulipa kwa kazi. Mchanga ukidondoka wanausukuma nje, na akija konokono wanamfinya mpaka anageuka. Baba aliwaita wenye nyumba. Nilipokuwa mdogo nilitia penseli katikati ya matawi na mmoja akaishika, nikainua penseli naye bado ameshika. Nikamcheka kwa udogo wake. Baba akasema, "Huyu ana kitu cha kulinda. Mwenye kitu cha kulinda hapimi ukubwa wa anayekuja." Kisha akaniambia nimrudishe, na akahakikisha nimemrudisha.

Asubuhi zote, kabla ya kwenda kazini, alikuwa akisimama mlangoni na ile ndoo yake ya buluu na kuniuliza kwa sauti ya chini, asikuamshe, "Kaa?" Nami nikiwa bado shukani najibu, "Wawili." Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Alipokuwa akiondoka kwa kazi za mbali ndilo neno lake la mwisho pia. "Gando, kaa." Nami nilijua kazi yangu.

Shangazi, wenzangu wa kazini hawakukosea nyumba.

Mchumba wangu aliponiuliza baba anafanya nini, nilisema yuko Kituo cha Utafiti. Hiyo ni kweli. Baba yake akasema, "Ah, ni daktari wa mambo ya bahari?" Nami sikusema siyo. Baadaye nikawa nalisema mwenyewe. Habari za ugonjwa zilipokuja, ofisi ilitoa gari, wakasema watanisindikiza wote, yeye, wazazi wake, bosi. Nikawaona akilini mwangu wakishuka garini mlangoni kwetu na kukutana na ndoo ya buluu yenye mshikio wa waya, na watu wa Kituo wakimtaja Baba kama walivyokuwa wakimtaja, yule mzee wa maji, maana kazi yake ilikuwa kujaza matangi yao kwa ndoo. Kisha simu yako ikaita.

Niliwaambia Baba ameagiza nikae. Walinisifu kwa utii. Bosi alinipigapiga mgongoni. Kuna mtu alisema hajaona kijana mwenye heshima kwa mzazi kama mimi.

Barua yako ya kwanza uliponiuliza kuhusu wadudu wekundu, niliificha chini ya godoro. Sikuweza kuandika neno kaa kwa mkono wangu.

Likizo yangu ni mwezi wa nane. Sijui kama nina haki ya kuitumia.

Mwanao


Tarehe 25 Juni

Mpendwa mwanangu Gando,

Hujambo huko kwenye baridi. Mimi sijambo. Watoto wa paka wamegawanywa, amebaki mmoja mwenye sikio lililokunjika, hakuna aliyemtaka, basi ni wangu.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nilifanya kwanza yale ya tangi, kama ulivyoagiza, kisha nikairudia nimekaa.

Sitakuficha. Nilikasirika. Nilikata kitambaa cha mteja mkono mmoja mfupi kuliko mwingine, jambo ambalo sijalifanya tangu nijifunze kushika mkasi. Nilikumbuka simu ile. Nilipokwambia baba yako amesema kaa, uliniuliza kwa sauti ndogo, "Hakuongeza neno?" Nikasema hakuongeza. Ukasema, "Basi sawa." Nilidhani ulikuwa unalia. Nimelibeba swali lako hilo miezi hii yote nikiliona ni la mapenzi, na pengine lilikuwa la mapenzi pia, sijui. Mtu aliyeulizwa neno moja kila asubuhi ya utoto wake hawezi kulisikia siku ya mwisho akalisahau. Sikuulizi. Hukuliandika, nami sitakulazimisha uliandike.

Niliitoa kadi ile yenye dhahabu juu ya kabati. Nilitaka kuichoma. Kisha nikaona haya, maana mimi mwenyewe, siku za nyuma, mteja akija na gari nilikuwa nikimwambia kaka yangu, "Pitia mlango wa nyuma na hizo ndoo, usilowanishe watu." Naye akapita nyuma, bila neno, miaka hiyo yote. Hukuianza wewe aibu ya ndoo ile. Uliikuta nyumbani.

Mzamiaji alileta kaa wawili ndani ya chupa ya chai, siku mbili alizunguka kutafuta tumbawe lililovunjika. Nilizima taa. Nikawaweka karibu na shina, nikatoka, nikafunga mlango, nikakaa sebuleni na mzamiaji kama watu wanaosubiri habari kutoka chumba cha uzazi. Siku ya kwanza walijificha nyuma ya pampu. Siku ya pili alionekana mmoja tu. Mzamiaji akasema, "Subiri." Nikamwambia, "Nisubiri nini, useme maneno matatu basi." Akasema, "Subiri, subiri, subiri."

Leo asubuhi nimekwenda na taa ya mkono. Wako ndani ya matawi wote wawili. Mchanga umetoka. Nilisogeza kidole kwenye kioo, kwa nje, na yule mdogo akanyanyua magando yote mawili, kunitisha mimi, mama mzima mwenye mkasi. Nilisimama pale nikamsalimu kwa adabu zote. Kisha nikasikia kinywa changu kinasema, bila kuambiwa, "Wawili."

Ile sehemu nyeupe haitarudi. Mzamiaji ameniambia nisijidanganye, kilichokufa kimekufa, kitabaki kama mfupa chini ya yale mengine. Lakini juu kuna uhai, na ncha zimeanza kuwa na rangi. Nyumba itasimama juu ya mfupa wake.

Uliuliza kama una haki ya likizo. Haki ni maneno ya ofisini. Njoo. Mlete na huyo binti, na wazazi wake kama gari linatosha. Ndoo ya buluu nimeiosha nikaiweka mlango wa mbele, penye mwanga. Mtu akishindwa kuipita ndoo ile aingie ndani, ni heri tujue mapema. Kwa wale niliowaambia ulikatazwa, nitawaambia nilisikia vibaya, na hilo ni kweli yangu. Yako utaisema mwenyewe, au hutaisema. Kaburi liko nyuma ya ukuta wa shule, halijawekewa jiwe bado. Nimekuachia wewe uchague maneno. Usiandike Daktari.

Nimekuwa nikiwaza: baba yako alikuwa mchache wa maneno, kikombe kimoja alinywea chai na kupimia maji ya tangi. Huenda na neno lile alilitumia kwa kazi zaidi ya moja. Kwa hiyo nami nalirudisha kwako kama nilivyolipokea, bila kulifafanua safari hii. Ukifika, mwanangu, kaa.

Mpaka siku hiyo, asubuhi ukiamka, nikumbuke.

Shangazi yako